Nimepanda mnara wa frimasoni kwenda kuangalia mwiko, na nimerudi salama

Kila niliemwambia nilikoenda Jumamosi ile kaniuliza swali moja, dada yangu alieko Morogoro, jamaa ninaekaa nae hapa Maryland, hata mama mmoja wa kanisani ambae siku zote hanisemeshi: "Wamekwambia utoe nini?" Jamani nimetoa hela ya tiketi. Basi. Nyoka sijaona, damu sijaonyeshwa, kwenye jeneza sijalazwa, na utajiri mpaka muda huu naandika haujaingia, leo nina shifti ya usiku kama kawaida.

Naongelea George Washington Masonic National Memorial, lile jengo refu la mawe pale Alexandria, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Wabongo wa huku wengi mnalijua kwa sura, ukiwa kwenye treni ya njano au ya bluu unakaribia stesheni ya King Street unaliona limekaa juu ya kilima kama mnara wa taa za meli uliosusa bahari ukahamia bara. Na ndo walivyokusudia, maana msanifu wake Harvey Wiley Corbett aliuchora akiangalia ule mnara wa taa wa kale wa Alexandria ya Misri, mji kwa mji majina yanafanana, akaona isiwe tabu. Urefu futi 333, kama mita 101 hivi. Mbele kwenye majani kuna ile alama yao ya skwea na bikari, kubwa mno, nadhani hata abiria wa ndege zinazotua pale jirani wanaiona vizuri.

Sasa kabla sijaanza kusifia au kuponda niwaambie kilichonipeleka, maana sikwenda kama mtalii. Mzee wangu ni fundi mwashi, Tanga mjini, kajenga tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yamegoma. Likizo zangu zote za shule ya msingi zimeishia kwenye karai la zege. Kwa hiyo mimi neno "mwashi" kwangu lina harufu, harufu ya saruji iliyolowa na jasho, na nilipokuja kugundua ukubwani kwamba haya mafrimasoni tunayotishiwa nayo jina lao maana yake ni waashi huru tu, wajenzi wa mawe, nilicheka peke yangu. Kwetu Bongo frimasoni ni tangazo la kwenye nguzo ya umeme, limebandikwa katikati ya mganga wa nguvu za kiume na dalali wa vyumba, "jiunge upate utajiri ndani ya siku 3", ukipiga namba unaambiwa tuma hela ya fomu. Jirani yetu mmoja alituma. Akatuma tena ya "pete". Sitaki kusema ilifika ngapi, maana mkewe mpaka leo anajua zile hela ziliibiwa kwenye daladala.

Alafu mwaka juzi, kwenye mji mmoja mdogo huku Maryland, natoka kumpeleka mteja nikakuta watu wamejaa mbele ya jengo la umma linalojengwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazee wa suti nyeusi na aproni nyeupe wamesimama kwenye jua. Nikadhani ni harusi ya ajabu ajabu. Kumbe ndo mafrimasoni wenyewe wanaweka jiwe la msingi, mchana kweupe, na watoto wa shule wanakula aisikrimu pembeni! Nikapaki gari nikaangalia mpaka mwisho. Na niwaambie ukweli, kwa mtoto wa fundi ile shughuli ilinigusa kuliko nilivyotegemea.

Iko hivi. Jiwe limeshachongwa, linaning'inia au limekaa pale kwenye kona, na desturi yao wanapenda kona ya kaskazini mashariki, wanasema kaskazini ni upande wa giza na mashariki ndo mwanga unakotokea, kwa hiyo kona ile ni pale mtu anapotoka kimoja kwenda kingine, hata mwanachama mpya humsimamisha kona hiyo hiyo. Basi mkuu wao anawauliza wasaidizi wake mmoja mmoja. Wa kwanza anaweka skwea kwenye pembe za jiwe anathibitisha zimekaa sawa. Wa pili anaweka pimamaji juu, anasema liko usawa. Wa tatu anashusha timazi pembeni, anasema limesimama wima. Nilikuwa karibu kabisa, ile timazi yake ilikuwa ya shaba inang'aa, na upepo ukaanza kuiyumbisha, mzee wa watu akaishika kwa vidole viwili akasubiri itulie ndo akatangaza. Hapo nikamheshimu. Maana angeweza kudanganya, nani angejua?

Nyie mnaojenga mnaelewa. Hicho ndo kitu cha kwanza fundi yeyote mwenye akili anachofanya pale kona ya kwanza, ukikosea kona ukuta wote unakufuata kwenda kombo. Wao wamekichukua wakakifanya ibada.

Baada ya hapo vinakuja vyombo vitatu. Nafaka, divai, mafuta. Kwa kiingereza hiyo nafaka wanaiita "corn", neno ambalo Wamarekani wa leo wanalitumia kwa mahindi, lakini asili yake ni nafaka yoyote, na niliyoiona mimi ilikuwa ngano. Anaimwaga juu ya jiwe, ni dua ya neema watu wasilale njaa, divai ni ya furaha na kuburudika, mafuta ni ya amani. Msomaji wa Biblia afungue Zaburi ya 104 atavikuta vyote vitatu kwenye mstari mmoja, mkate, divai na mafuta, sio siri ya kutisha. Punje za ngano zilinasa kwenye udongo mbichi pembeni ya jiwe, divai ikatengeneza vimfereji vyekundu, mafuta yakaja juu yake yakateleza, na nzi wawili walifika kabla hata mkuu hajafunga kitabu chake. Alafu anagonga jiwe mara tatu kwa nyundo, anatamka kwamba limetengenezwa vizuri, la kweli na la kuaminika, na mwisho anamkabidhi msanifu wa jengo vifaa vya kazi amwambie haya, endelea. Dakika kama 40 zimeisha. Watu wakapewa soda.

Nilichokuwa nafikiria muda wote ni mzee angesema nini, na nina hakika angesema hiyo saruji imezidi maji.

Sasa tuacheni unafiki kidogo. Kwetu Tanga mtu hachimbi msingi hivi hivi. Wengine wanaita mashehe, ubani unafukizwa, inasomwa dua, wengine mbuzi anachinjwa pale pale shimoni, wengine wanatupia sarafu chini ya jiwe la kwanza, na wapo wanaomleta mtaalamu usiku azindike kiwanja kwenye kona zote nne na hawasemi mpaka kufa. Yote hayo tunayaita mila. Mzungu kamwaga ngano mchana mbele ya watoto wanakula aisikrimu, tunasema shetani. Mimi sio mwanachama wala sina mpango, nasema tu.

Ndo maana nikaenda Alexandria. Kuna kitu kimoja nilikitaka: mwiko. Neno lenyewe kwetu tamu, mwiko wa fundi, mwiko wa kusongea ugali, na mwiko wa jambo lisilofanywa, na mimi nilienda kuangalia wa kwanza ulio mikononi mwa watu tunaowachukulia kama wa tatu. Mwiko huu ni ule unaoelezwa kwamba George Washington aliutumia tarehe 18 Septemba 1793 kuweka jiwe la msingi la Capitol, lile jengo la bunge la Marekani lenye kuba jeupe mnaloliona kwenye taarifa ya habari. Unamilikiwa na loji yake, yaani tawi lake la frimasoni, Alexandria-Washington namba 22, ambayo hukutana humo humo ndani ya mnara, na yeye Washington alikuwa kiongozi wa loji hiyo.

Nimeuona. Ni mdogo! Nilitegemea kitu cha kifalme, kumbe ni kimwiko, bapa la fedha, mpini wa pembe ya ndovu, kazi ya sonara wa hapo hapo Alexandria aliekuwa anaitwa John Duffey. Ukiuweka mbele ya mwiko wa mzee wangu unaonekana wa kumlishia mtoto uji. Mwiko wa mzee ni wa chuma, mpini wa mti aliuchonga mwenyewe mara ya nne au ya tano, na bapa limelika upande mmoja mpaka limekuwa kama mwezi mwandamo kwa sababu miaka yote anakwangua tofali kwa upande ule ule. Nikasimama pale mbele ya kioo kama mjinga, kundi linaondoka, mwongozaji ananiangalia kwa upole, na nilikuwa nafikiria pembe ile ya ndovu ilitoka wapi. Sijui. Ila sisi wa pwani ukitajiwa pembe na miaka ile huwezi usijiulize.

Hadithi ya siku ile ya 1793 ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote na kama mtaenda muulizeni mwongozaji aielezee bila haraka. Washington akiwa rais akavuka mto, akapokewa na maandamano, ngoma, bendera, kikosi cha mizinga, loji ya Virginia na loji za Maryland zote zimevaa. Wakafika juu ya kilima cha kujengea Capitol, akashuka kwenye mtaro wa msingi na wakuu wenzake, wakaweka bamba la fedha lililochongwa maneno, juu yake nafaka, divai na mafuta, dua, hotuba, mizinga ikalia. Alafu watu wote wakaelekea kwenye banda kubwa, kulikuwa na ng'ombe wa ratili 500 amechomwa, hiyo ni kama kilo 227, wakala. Mnaona? Hata kule shughuli bila pilau haijakamilika, wao pilau yao ilikuwa nyama choma.

Sasa sikilizeni kichekesho. Lile jiwe LIMEPOTEA. Mizinga imelia, ng'ombe kaliwa, rais kashuka shimoni kwa miguu yake, na leo hakuna anaejua jiwe liko wapi. Gazeti la wakati ule liliandika kona ya kusini mashariki, watu wakabaki kubishana kusini mashariki ya nini, ya jengo lote au ya ule upande uliokuwa unajengwa kwanza, walipokuwa wanapanua jengo miaka ya 1950 wakatafuta, kuelekea sherehe za miaka 200 wakatafuta tena na mashine za kugundua madini kwa sababu ya lile bamba la fedha, hola. Na la Ikulu yao, la 1792, nalo hivyo hivyo. Unajua kwa nini nacheka? Kwa sababu kwao jiwe la msingi ni la msingi kweli, linaenda chini, linazikwa, linabeba. Kwetu jiwe la msingi ni kibao cha marumaru ukutani, tena mara nyingi linawekwa jengo limeshafika kwenye linta au limeshaezekwa bati kabisa, pazia dogo linavutwa, jina la mgeni rasmi kwa herufi za dhahabu, makofi. Hilo huwezi kulipoteza. Kuna shule moja kijijini kwa mama, siitaji, jengo la maabara liliishia usawa wa madirisha, mbuzi wanalala humo, ila kibao kipo kinang'aa na kila mwaka kuna mtu anakipiga deki.

Ila ukiangalia sana vyote viwili vina ugonjwa mmoja. Kwenye bamba la fedha la 1793 na kwenye marumaru ya kwetu, fundi hayupo.

Na hapa kwenye hili la Capitol mafundi wenyewe ni habari nzito. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watumwa weusi waliokodishwa, kuchimba mawe kule Aquia Virginia, kubeba, kukata mbao, kufyatua tofali, na malipo yalienda kwa waliowamiliki. Huu sio uvumi, bunge lenyewe limekiri, mwaka 2012 wakaweka jiwe la kumbukumbu ndani ya kituo cha wageni cha Capitol, ukumbi unaitwa Emancipation Hall, na jiwe walilotumia ni lile lile la Aquia lililowahi kuwa kwenye ukuta wa jengo. Ushauri wangu msiende Alexandria peke yake, unganisheni siku mbili, ya kwanza mwiko, ya pili nendeni mkaone hilo jiwe, kuingia kule ni bure. Kipande kile bado kina alama za patasi, mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, unaona kabisa mkono wa mtu ulipita hapa, akapumzika, akaanza tena hapa. Mimi nilitoka kwenye mwiko wa fedha nikaenda kwenye ile mikwaruzo, na kama ni kulipia, ningelipia mikwaruzo.

Turudi kwenye mnara. Jengo lenyewe lina stori ya kibongo kabisa. Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 1 Novemba 1923, rais Calvin Coolidge alikuwepo, na William Howard Taft nae, aliekuwa rais kabla na wakati huo ni jaji mkuu. Kuzinduliwa ni Mei 1932, na rais Hoover. Taft alikuwa frimasoni. Coolidge na Hoover hawakuwa, kwa hiyo wale mnaosema marais wote wa Marekani lazima wawe, hesabu hiyo imekufa hapo. Sasa kilichonifurahisha ni kwamba walijenga kwa michango ya wanachama bila mkopo, hela ikiingia wanajenga, ikiisha wanasimama, na kumalizia ndani kuliwachukua miaka na miaka baada ya uzinduzi. Ile sanamu kubwa ya shaba ya Washington iliyosimama kwenye ukumbi, futi 17 na inchi 3, kavaa aproni yake, kazi ya Bryant Baker, ilikuja kuzinduliwa 1950 na Truman, ambae yeye alikuwa frimasoni haswa, alishakuwa mkuu wao jimbo la Missouri. Kwa kifupi ni nyumba ya kidogo kidogo kama zetu za Kibaha na Goba, mshahara tofali, bonasi bati, unahamia haina dari.

Ukumbi ule wa sanamu ndo mzuri kuliko kote. Nguzo za mawe ya kijani nene nene, nilijaribu kuikumbatia moja kwa siri, haikumbatiki. Ukutani kuna michoro miwili mikubwa ya Allyn Cox, mmoja unaonyesha ile siku ya 1793, Washington na jiwe na aproni na umati. Simameni hapo muda, angalieni nani kasimama wapi na nani kashika nini, maana baada ya kuelezwa shughuli yote unaanza kuvitambua vyombo vya nafaka, divai na mafuta, ni kama kuangalia picha za harusi uliyohudhuria.

Kuna saa pia. Saa ya chumbani kwa Washington, daktari wake aliisimamisha alipofariki tarehe 14 Desemba 1799, inasoma saa nne na dakika 20 usiku. Imesimama mpaka leo. Mama mmoja kwenye kundi letu alijipanguza macho, mimi nilikuwa naangalia kama imebaki na vumbi.

Lifti sasa. Mnara unapungua ukienda juu, kwa hiyo lifti hazipandi wima, zinapanda zimelala kwa ndani nyuzi 7 na nusu. Ukielezwa hilo ukiwa chini unacheka, ukiwa ndani hucheki. Mtoto wa mwashi nimelelewa na timazi mimi, kitu chochote kisichosimama wima mwili wangu unakataa, nikashika ukuta kama bibi kwenye boti ya Pemba. Lakini juu kabisa ghorofa ya tisa mlango unafunguka na unasamehe kila kitu, unatoka nje unazunguka, Potomac ile pale, ndege zinashuka kwa mfululizo, lile jiwe refu la Washington Monument, na kwa mbali kuba la Capitol kama yai kwenye kikombe. Na lile Monument nalo mafrimasoni waliliwekea jiwe kwa ibada ile ile, tarehe 4 Julai 1848. Sanamu ya Uhuru ya New York pia, Agosti 1884, mvua inanyesha, wakamwaga vyao hivyo hivyo. Ukiwa juu kule unaanza kuelewa hawa watu walivyokuwa wanaitwa kila penye shimo la msingi, kama sisi tunavyoita Mwenge.

Cha kupunguza nyota, na hii ni ladha yangu tu: ghorofa za katikati ni nyingi. Kuna vyumba vya matawi yao mbalimbali, kila tawi na kofia zake, rangi zake, viti vyake, kimoja Misri, kingine kanisa la mashujaa wa msalaba, kama sio mpenzi wa mambo hayo kwenye chumba cha tatu unaanza kufikiria utakula nini. Jamaa niliekwenda nae, ambae alikuja kwa masharti kwamba akiona fuvu anaondoka, ndo alievutiwa nazo, anapiga picha kila kofia. Mimi nilitaka vifaa vya kazi, nyundo, timazi, mwiko. Kila mtu na chake.

Kingine ni maswali. Ulizeni. Mimi niliuliza kuhusu kuweka wakfu loji mpya, nikaelezwa ni ndugu wa hii ya jiwe, nafaka, divai, mafuta, na kwa mtindo wa Kiingereza wanaongeza chumvi na kufukiza ubani. Ubani! Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia hii sasa ni maulidi ya kuhamia nyumba. Na huo mtindo wa Kiingereza ndo ulioko kwetu Afrika Mashariki, wala sio kitu cha kwenye mapango, marehemu Sir Andy Chande alikuwa mkuu wao ukanda wote ule na hakuwahi kujificha, mtu ambae kampuni ya familia yake ilitaifishwa 1967 na Nyerere akamweka yeye yeye kusimamia viwanda vya kusaga. Kama huo ndo utajiri wa siku 3 basi ulichelewa sana njiani.

Mambo ya vitendo haraka haraka. Nendeni kwa treni, shukeni King Street, kilima kiko mbele yenu, kutembea kidogo tu ila ni kupanda. Kuna aliekuja na gari kwenye kundi letu akatumia programu moja ya kupaki, ikamkata hela mara mbili, hiyo sio ya jengo, ni ya huko kwenye simu. Sehemu ya juu mnapanda na mwongozaji, kwa hiyo angalieni saa za ziara kabla hamjatoka nyumbani. Viatu vya kawaida. Watoto wanaruhusiwa, wakwenu watapenda lifti. Njaa ikiuma shukeni mtaa wa King, msile pale pale mwanzoni ambapo bei ni za watalii, tembeeni kuelekea mtoni.

Nyota 4 kati ya 5. Ningeweka na nusu ila sehemu ya kuweka nyota haikubali nusu.

Usiku nikampigia mzee. Shikamoo baba, marahaba, nikamweleza yote, ngano, mafuta, ng'ombe wa kilo 227, jiwe lililopotea, hapo alicheka mpaka akakohoa, akasema walimwachia mtu wa ofisini kupima. Nikamwambia na mwiko nimeuona baba, bapa la fedha, mpini pembe ya ndovu. Akanyamaza kidogo.

"Pembe ukitoka jasho si inateleza?"

"Nadhani hakutoka jasho baba."

"Mmh. Na bapa limelika upande gani?"

Sikuangalia. Nimesimama pale mbele ya kioo muda wote ule nikiwaza ndovu, na kitu cha kwanza ambacho fundi anakitazama sikukitazama. Jumamosi ijayo sina shifti, narudi.